Kutoka samaki 18 hadi 8: uchambuzi wa kisa cha plastiki katika sangara na sato wa Mwanza

Mwaka 2016 jarida la Journal of Great Lakes Research lilichapisha makala fupi ya Fares John Biginagwa na wenzake wanne, ambayo ilikuwa taarifa ya kwanza ya kisayansi kuhusu maikroplastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika. Watafiti walinunua samaki 40 katika soko la bandarini jijini Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakachunguza kilichomo katika matumbo yao. Vipande vilivyoshukiwa kuwa plastiki vilionekana kwa sangara 11 na sato 7, yaani asilimia 55 na asilimia 35. Vipande hivyo vilipopitishwa kwenye kifaa cha kutambua aina ya polima (kemikali inayounda plastiki), idadi ilishuka: plastiki ilithibitishwa kwa asilimia 20 tu ya samaki wa kila aina, ambayo ni samaki 4 kati ya 20 kwa sangara, na vivyo hivyo kwa sato.

Kwa hiyo samaki 18 waliingia kwenye orodha ya washukiwa na 8 wakathibitishwa. Msomaji mwenye haraka hubeba asilimia 20, kwa kuwa ndiyo iliyo na muhuri wa kifaa, na mwenye kutaka kushtua umma hubeba asilimia 55. Uchambuzi huu unakaa katikati ya namba hizo mbili, kwa sababu kila ugumu wa kupima maikroplastiki katika chakula cha majini unaonekana katika safari ya kutoka 18 hadi 8, na kwa maoni yangu thamani kubwa ya makala ile ni kwamba waandishi walizichapisha namba zote mbili badala ya kuificha ile ya kwanza.

Maikroplastiki, kwa maana inayotumiwa na watafiti wengi, ni kipande chochote cha plastiki kisichofikia milimita 5. Ukomo huo wa juu unafahamika na wengi wanaukubali. Ukomo wa chini ndio wenye utata, maana kwa kweli huwekwa na chujio lililotumika na kifaa kilichopo mezani. Maabara inayochuja kwa tundu la robo milimita haiwezi kuona kilichopita hapo, hata kama kilichopita ni kingi mara mia. Ndiyo maana taarifa yoyote inayosema "samaki huyu ana chembe tatu" bila kutaja chembe ya ukubwa gani ni sawa na kusema mtego haukunasa kitu bila kutaja ukubwa wa macho ya wavu.

Samaki waliochaguliwa

Sangara na sato wote wawili ni wageni katika Ziwa Victoria. Walipandikizwa humo katikati ya karne ya 20. Sangara ni mlaji wa samaki wenzake: humeza furu, dagaa, na hata vifaranga vya sangara. Sato hula mimea midogo, wadudu na mabaki yaliyotuama chini. Tofauti hii ya ulaji inatoa njia mbili za plastiki kuingia tumboni, kwani sangara anaweza kuipokea ikiwa tayari imo ndani ya mawindo yake, ilhali sato anaweza kuichota pamoja na tope na mwani.

Hapo kishawishi cha kwanza kinajitokeza. Asilimia 55 kwa mlaji wa samaki na 35 kwa mla mimea na mabaki ni namba zinazoonekana kueleza kisa kizuri, kwamba plastiki huongezeka kadiri inavyopanda ngazi za ulaji. Lakini tofauti kati ya 11 na 7 ni samaki wanne tu. Ukizifanyia namba hizo jaribio la kawaida la takwimu kwa sampuli ndogo, utakuta kwamba hata kama aina hizo mbili za samaki zingekuwa na plastiki kwa kiwango kilekile, tofauti kubwa namna hiyo au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu takriban mara moja katika kila majaribio matatu. Kisha kifaa kilipomaliza kazi yake, tofauti yenyewe ilitoweka: wanne kwa wanne. Nadharia ya ngazi za ulaji inaweza kuwa kweli mahali pengine, ila samaki hawa 40 hawaitetei.

Kununua sokoni nako kuna faida na gharama yake. Samaki wa sokoni ndiye anayeingia jikoni, kwa hiyo sampuli inafanana na chakula halisi cha watu. Gharama yake ni kwamba samaki hana anwani. Sangara aliyeuzwa bandarini Mwanza anaweza kuwa amevuliwa karibu na mji au mbali kabisa, na sangara mwenyewe ni muogeleaji wa masafa. Makala inaweza kusema kuwa plastiki imo katika samaki wa ziwa wanaouzwa Mwanza, lakini haiwezi kuchora ramani ya mahali ilikotoka.

Jicho, kemikali na kifaa

Kazi ya aina hii huanza kwa kumpasua samaki na kuutoa mfumo wote wa chakula, kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo. Nyama ya tumbo na chakula kilichomo huyeyushwa kwa kemikali ili kibaki kile kisichoyeyuka. Maabara nyingi hutumia hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 au hidroksidi ya sodiamu, wengine hutumia peroksidi ya haidrojeni au vimeng'enya. Mchanganyiko unaobaki huchujwa, na karatasi ya kuchujia huwekwa chini ya hadubini.

Hatua ya kuyeyusha inaonekana ya kawaida, lakini ina mtego wake. Alkali kali yenye joto haichagui nyama peke yake. Poliesta nayo hushambuliwa na alkali hiyo, hasa uzi mwembamba wenye eneo kubwa la uso ukilinganisha na uzito wake. Asidi ya nitriki, ambayo baadhi ya watafiti wa mwanzo waliipenda kwa kasi yake, huharibu nailoni. Mtu anaweza basi kuiyeyusha plastiki aliyokuwa akiitafuta, kisha akaandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuiona. Kinga yake ni kuweka kwa makusudi chembe zenye idadi inayojulikana ndani ya tumbo lisilo na plastiki, kuziyeyusha kwa utaratibu uleule, na kuhesabu ngapi zimerudi.

Chini ya hadubini, anayeamua ni jicho. Jicho lina kanuni zake: kipande kisiwe na umbo la seli, rangi yake iwe sawia, na uzi uwe na unene uleule toka ncha moja hadi nyingine. Kanuni hizi husaidia sana kwa vipande vya milimita mbili au tatu, lakini hupoteza nguvu kadiri vipande vinavyopungua ukubwa. Kipande cha gamba la konokono, ganda la bawa la mdudu, ubao wa mtumbwi uliobanduka rangi, uzi wa pamba uliotiwa rangi ya buluu kutoka kwenye suruali ya jinzi, vyote hivi vimewahi kuhesabiwa kama plastiki na watu makini. Wapo wanaokichoma kipande kwa sindano ya moto na kuangalia kama kinayeyuka. Wapo wanaokipaka rangi ya Nile Red, ambayo huifanya plastiki ing'ae chini ya mwanga maalumu, ingawa mafuta ya samaki yasiyoyeyuka vizuri nayo hung'aa na kumdanganya mhesabuji.

Uamuzi wa mwisho katika kisa cha Mwanza uliachiwa spektroskopia ya infraredi, kwa namna inayofahamika kwa kifupi kama ATR-FTIR. Kipande hubanwa juu ya fuwele ngumu, mara nyingi almasi, na mwanga wa infraredi hupitishwa ndani ya fuwele hiyo. Mahali kipande kinapoigusa fuwele, sehemu ya mwanga humezwa na vifungo vya kikemia vya kipande, na kila polima humeza mahali pake. Polithini, kwa mfano, huonyesha vilele viwili vikali karibu na namba za mawimbi (idadi ya mawimbi katika sentimita moja) 2915 na 2848. Pamba na nyuzi za mimea huonyesha kilele kipana karibu na 3300, ambacho polithini haina. Mchoro unaopatikana hulinganishwa na maktaba ya michoro ya polima zinazojulikana, na watafiti wengi hukubali utambuzi iwapo mfanano umefika asilimia 70 au zaidi.

Mwanga huo huingia ndani ya kipande maikromita (elfu ya milimita) moja au mbili tu. Kipande kilichokaa ziwani muda mrefu hubadilika kwenye ngozi yake ya nje: jua hukiongezea oksijeni, bakteria hujenga utando juu yake, na asidi za tumboni huongeza kazi yao. Kifaa kinaweza basi kusoma utando na kukiacha kipande. Si jambo la bahati, nadhani, kwamba miongoni mwa waandishi wa makala hii alikuwamo Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark, mtaalamu ambaye kazi yake ni plastiki zinazozeeka ndani ya mikusanyiko ya makumbusho. Anayejua mdoli wa plastiki unavyochakaa kabatini kwa miaka 50 ana msaada mkubwa kwa anayetaka kukisoma kipande kilichochakaa tumboni mwa sangara.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, ni kibano. Kwa njia hii ya kubana, kila kipande lazima kichukuliwe kwa mkono, kiwekwe juu ya fuwele na kikae hapo. Kipande kilicho chini ya takriban theluthi moja ya milimita huanza kutoroka, na uzi mwembamba haushikiki kabisa. Vifaa vinavyounganisha hadubini na infraredi hushuka hadi maikromita 10 au 20, na vya Raman, vinavyosoma namna mwanga wa leza unavyotawanywa na kipande, hufika maikromita moja, ila bei yake na muda unaohitajika kwa kila sampuli ni mambo mengine kabisa.

Hapa ndipo 18 na 8 zinapopata maana. Neno "haikuthibitishwa" lina maana mbili ambazo asilimia peke yake haizitenganishi. Maana ya kwanza ni kwamba kipande kilipimwa kikaonekana kuwa kitu kingine, labda pamba au gamba. Hapo jicho lilikosea na asilimia 55 ilikuwa kubwa kupita ukweli. Maana ya pili ni kwamba kipande kilikuwa kidogo mno au kimechakaa mno kiasi cha kutosomeka; hapo kifaa ndicho kilichoshindwa, na asilimia 20 ni ndogo kuliko ukweli. Samaki 10 walioachwa nje ya orodha ya mwisho wanaweza kugawanyika kati ya makundi hayo mawili kwa namna yoyote. Jambo lililo salama kusemwa ni kwamba 20 ni sakafu ya kile kilichoweza kuonekana kwa njia ile, na kwamba sakafu hiyo inaegemea vipande vikubwa.

Nyuzi zinahitaji neno la ziada. Uzi wa nguo huelea hewani, hutua juu ya meza, juu ya chujio lenye maji, juu ya kisu. Maabara yenye nidhamu hufanya kazi kwa makoti ya pamba, hutumia vyombo vya kioo, huchuja maji na kemikali zake kabla ya kuzitumia, na pamoja na kila kundi la samaki hupitisha sampuli tupu isiyo na samaki. Nyuzi zinazokutwa kwenye sampuli tupu ndizo kipimo cha uchafu wa maabara yenyewe. Utafiti wowote uliojaa nyuzi na usiokuwa na sampuli tupu, mimi huusoma kama utafiti wa vumbi la chumba hadi nithibitishiwe vinginevyo.

Majina ya polima na tamaa ya kutafuta mkosaji

Polima zilizotambuliwa katika samaki wa Mwanza ni polithini, poliyurethani, poliesta, kopolima (polima mbili zilizounganishwa kuwa moja) ya polithini na polipropilini, na mpira wa silikoni. Waandishi walizihusisha na taka za mjini na matumizi ya kawaida ya watu, na sioni sababu ya kuwabishia. Uzito wa polima zenyewe unavutia: polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji na huelea, ilhali poliesta isiyo na hewa ndani yake, yenye karibu gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo, huzama. Ziwa basi lina plastiki juu na chini, na sangara na sato wanakutana nayo pande zote mbili. Kwa anayechukua sampuli za tope jambo hili ni la vitendo, kwa kuwa maji yaliyokolea chumvi ya mezani, yenye uzito wa takriban gramu 1.2, huinua polithini lakini huiacha poliesta chini. Kuipata poliesta kunahitaji kloridi ya zinki au iodidi ya sodiamu, ambazo ni ghali na, kwa ile ya zinki, ni sumu kwa viumbe vya majini.

Jina la polima, hata hivyo, si anwani. Poliesta ni shati, ni chupa ya maji, ni kamba. Polithini ni mfuko, ni ndoo, ni kizibo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017 na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mtu anaweza kutamani kuitumia makala ya 2016 kama picha ya "kabla" ili apime "baada". Tamaa hiyo ieleweke, lakini hesabu haikubali. Samaki 4 kati ya 20 wanatoa asilimia 20 ambayo, kwa uhakika wa asilimia 95, inaweza kuwa popote kati ya takriban 6 na 44. Hata ukiwaunganisha wote 40, wigo ni kati ya 9 na 36. Ili kuwa na nafasi nzuri ya kugundua kwamba kiwango kimeshuka kutoka asilimia 20 hadi 10, zingehitajika takriban samaki 200 kabla na 200 baada, waliovuliwa na kupimwa kwa njia ileile. Makala ya kwanza haikuwa na jukumu hilo na haikudai kulibeba. Jukumu lake lilikuwa kujibu kama jambo lipo au halipo, na jibu lilikuwa lipo.

Vivyo hivyo kwa nyavu. Anayetaka kunyooshea kidole nyavu za nailoni hapati msaada katika orodha ile, kwa sababu nailoni haimo. Wala hawezi mtu kuzisafisha nyavu kwa orodha hiyohiyo, maana vipande vilivyothibitishwa vilikuwa vichache mno kuwakilisha kila kinachotupwa ziwani.

Umbali kati ya tumbo na sahani

Sehemu iliyochunguzwa ni ile ambayo mlaji wa sangara na sato haili. Matumbo hutolewa; minofu husafirishwa, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki) huuzwa hapa nchini, na bondo (kibofu cha hewa cha samaki) huenda kwenye biashara yake. Plastiki iliyokutwa utumboni ni ushahidi kuhusu ziwa kabla ya kuwa ushahidi kuhusu mlo. Kwa mlo, samaki wa kuuliziwa Mwanza ni dagaa, anayeliwa mzima na matumbo yake, na ambaye mara nyingi hukaushwa juu ya mchanga au nyavu, hali inayomlazimu mtafiti kumpima akiwa mbichi kutoka mtumbwini na kumpima tena akiwa mkavu ili ajue kipi kilitoka majini na kipi kilipatikana anikoni.

Pwani swali hilo limeshaulizwa kwa kiumbe mwingine anayeliwa mzima. Mwaka 2020 Bahati Mayoma, mmoja wa waandishi wa makala ya Mwanza, na wenzake walichapisha vipimo vya mashapo na kombe (kiumbe wa majini mwenye gamba la pande mbili) kutoka maeneo 18 ya pwani ya Tanzania. Plastiki ilikuwapo kote, na mkondo wa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, uliongoza kwa chembe 2972 kwa kila kilo ya mashapo makavu. Kombe wa hapo nao ndio walioathirika zaidi, ingawa si kila kombe alikuwa na plastiki. Namba hiyo ya 2972 haiwezi kuwekwa kando ya asilimia 20 ya Mwanza na kulinganishwa: moja ni chembe kwa kilo ya mchanga, nyingine ni sehemu ya samaki walioonyesha angalau kipande kimoja.

Hata ndani ya kipimo cha chembe, idadi na uzito husema mambo tofauti. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka uleule wa 2016, ilikadiria kwa hali mbaya kabisa kwamba mlo wa gramu 225 za kome ungekuwa na chembe 900, na chembe hizo zote kwa pamoja zingekuwa na uzito wa maikrogramu (milioni ya gramu) 7. Anayesikia 900 hushtuka, anayesikia maikrogramu 7 hutulia, na wote wawili wamesikia kitu kimoja. Mamlaka hiyo ilieleza pia kwamba taarifa zilizokuwapo hazikutosha kutathmini sumu yake kwa binadamu, ndiyo maana katika makadirio yale hakuna mstari wa kusema hapa ni salama na hapa si salama.

Kama kazi ya Mwanza ingerudiwa leo, ningeanza na dagaa mbichi, samaki mia mbili au zaidi, waliochukuliwa mitumbwini kwa mahali panapojulikana, pamoja na sampuli tupu kwa kila kundi. Na katika jedwali la matokeo ningedai safu tatu badala ya mbili: vipande vilivyoshukiwa, vipande vilivyofika kwenye fuwele vikapimwa, na vipande vilivyothibitishwa. Safu hiyo ya katikati hukosekana katika taarifa nyingi za aina hii, ilhali ndiyo inayoweza kumwambia msomaji kama samaki walioachwa nje walikuwa na pamba tumboni, au walikuwa na plastiki ambayo kibano kilishindwa kuishika.